Masurufu ya Kutwa Mlimani

Mlima Longonot, ulio katika Bonde la Ufa yapata kilomita 90 kutoka Nairobi, si mlima mrefu ukilinganishwa na Kilimanjaro au Mlima Kenya, kwani kilele chake hakipiti mita 2,776 juu ya usawa wa bahari, na mtu mwenye siha njema aweza kuanza kuupanda asubuhi, akaizunguka kasoko yake yote, akawa amekwisha kurejea langoni kabla ya alasiri. Walakini ni mlima mkavu, uliojengwa kwa majivu na mawe ya volkano yanayofyonza maji ya mvua mara yanapoanguka, na katika njia ile yote, tangu langoni hata ukingo wa kasoko, na tangu ukingoni hata kileleni, msafiri hakuti mto, wala chemchemi, wala kisima, wala duka. Vivuli ni haba, vumbi la kijivu huinuka kila unyayo unapokanyaga, na jua likishafika utosini huwaka juu ya udongo ule mwepesi hata harara yake ikamrudia mtu usoni kutoka chini. Maji anywayo mtu Longonot ni yale aliyoyapandisha mwenyewe mgongoni, na chakula alacho ni kile alichokifunga nyumbani usiku wa kuamkia safari.

Nimeuchagua mlima huu uwe kielelezo kwa sababu watu wa mijini, vijana na hata wazee wao, wameanza kuzipenda safari za kutwa milimani, na hilo ni jambo la kheri kwa miili na kwa nyoyo zao, ila wengi wao huenda huko na masurufu ya mtu aendaye karamuni: chupa moja ndogo ya maji, soda mbili, pakiti ya biskuti za krimu ambazo zitakuwa zimeyeyuka kabla ya adhuhuri, na matumaini kwamba mwenziwe atakuwa amechukua zaidi. Mwenziwe naye amekuja na matumaini yayo hayo. Kisha saa ya nne ya safari, wakiwa upande wa pili wa kasoko ambako kurudi nyuma na kwenda mbele ni sawasawa kwa umbali, hugundua kwamba kundi zima la watu kumi lina lita moja ya maji.

Hesabu ya maji na chakula cha njiani haikuwa jambo geni kwa wazee wetu. Katika karne ya 19, misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Unyanyembe na Ujiji ilikuwa na kanuni zilizofahamika na kila mpagazi: posho yake ilikuwa kibaba kimoja cha nafaka kwa siku, yaani kadiri ya ratili moja na nusu, na kirangozi aliyetangulia mbele alipaswa kujua maji yako wapi kabla ya kujua kambi itapigwa wapi. Walipoikabili nyika isiyo maji, kama ile ya Marenga Mkali baina ya Mpwapwa na Ugogo, ambayo wasafiri wa Kizungu Burton na Stanley, kila mmoja kwa wakati wake, waliitaja katika vitabu vyao, hawakuondoka alfajiri kama ilivyokuwa ada yao. Walishinda asubuhi penye maji wakipika na kula na kunywa, wakajaza vibuyu vyao, wakaondoka jua lilipoanza kupinda, wakaenda hata usiku, wakalala bila ya maji ila yale ya vibuyuni, na kesho yake wakadamka na kuyafikia maji mengine kabla jua halijawa kali. Mwendo huo waliuita terekeza. Mpanda mlima wa leo hana haja ya kulala nyikani, lakini aweza kuyachukua mambo matatu kutoka kwa watu wale: kunywa vya kutosha kabla ya kuondoka, kujaza chombo penye maji ya mwisho, na kuzipanga saa zake ili jua la utosi lisimkute mahali pabaya.

Kosa la kwanza la wasafiri wengi ni kuyakadiria masurufu kwa kilomita. Husikia kwamba njia ya kuzunguka kasoko ya Longonot ni kilomita saba na ushei, na kwamba kutoka langoni hata ukingoni ni kama kilomita tatu, wakasema nafsini mwao kwamba mwendo huo ni mfupi kuliko ule wanaoutembea mjini siku ya Jumamosi. Mwili hauhesabu hivyo. Mwili huhesabu muda ambao moyo umepiga kwa kasi na ngozi imetoa jasho, na mlimani kilomita moja ya kupanda yaweza kumla mtu nusu saa au zaidi. Kwa hiyo jambo la kuuliza ni hili: nitakuwa njiani saa ngapi, pamoja na kupumzika, na pamoja na kumngoja yule atakayechoka? Kwa Longonot, mtu wa kawaida atumie kati ya saa tano na sita.

Matabibu na waongozaji wa safari za milimani wamekubaliana juu ya kipimo kilicho chepesi kukumbukwa, nacho ni nusu lita ya maji kwa kila saa ya mwendo wa wastani katika hali ya hewa ya wastani, kikapanda kuelekea lita nzima kwa saa pale jua linapokuwa kali na mwinuko unapokuwa mgumu, maana mtu anayepanda kilima juani aweza kutokwa na jasho la lita moja kwa saa, na wengine hupita hapo. Basi saa sita kwa nusu lita ni lita tatu, na kwa mlima usio na maji yangu rai ni kuongeza nusu lita ya akiba ambayo haiguswi mpaka lango lionekane. Najua kwamba lita tatu na nusu za maji ni kilo tatu na nusu mgongoni, na kwamba mzigo huo huonekana mkubwa asubuhi mtu akiwa bado ana nguvu zake zote. Lakini ndio mzigo pekee unaopungua kila saa ipitapo, na ni afadhali kuteremka na robo lita iliyobaki kuliko kuizunguka nusu ya kasoko na ulimi uliokauka. Tena sehemu ya maji hayo yaweza kubebwa tumboni: anywaye glasi mbili nyumbani alfajiri kwa utaratibu, akapata nafasi ya kwenda msalani kabla ya kuanza kupanda, amejipunguzia taabu bila ya kuuzidishia mfuko uzito.

Kuanza mapema huokoa maji kuliko kitu kingine chochote. Wenye kuingia langoni saa moja asubuhi hufika ukingoni hewa ikiwa bado baridi, ilhali wenye kuanza saa nne huupanda mteremko ule ule kwa kutokwa na jasho maradufu, na lita tatu zilizowatosha wenzao haziwatoshi wao.

Namna ya kunywa nayo ina adabu zake. Si vema mtu avumilie kiu hadi penye mapumziko kisha amimine nusu chupa tumboni kwa pumzi moja, kwani tumbo lililojazwa ghafla huleta kichefuchefu na kuufanya mwendo uwe mzito. Ni bora mafunda machache kila baada ya dakika 15 au 20, huku kiu ikiachwa iwe mshauri. Wala asije mtu akafikiri kwamba maji hayana madhara yakizidi. Anayekunywa kwa kujilazimisha, saa baada ya saa, kupita kiasi cha jasho alilotoa, na asile chochote chenye chumvi, huipunguza nguvu chumvi iliyo ndani ya damu yake, naye hupatwa na maumivu ya kichwa, kutapika na kuchanganyikiwa akili, na mambo yakiwa mabaya hupoteza fahamu. Hatari iliyoje kwamba dalili hizo zashabihiana na za mtu aliyekosa maji, hata wenziwe wakamzidishia yale yanayomdhuru! Kwa hiyo kabla ya kumnywesha mgonjwa ni lazima waulize amekunywa kiasi gani tangu asubuhi. Kwa aliyekosa maji, ishara za mapema ni mkojo mchache wenye rangi nzito, kinywa kikavu, kichwa kuuma na kizunguzungu. Huyo akalishwe kivulini, alegezwe nguo, apewe maji kidogo kidogo, na safari ya kupanda iishie hapo.

Juu ya chombo, sheria imekwisha kutuamulia nusu ya shauri. Tangu tarehe 5 Juni 2020 Kenya imepiga marufuku plastiki za kutumika mara moja katika hifadhi za taifa, misitu na fukwe zilizo chini ya ulinzi, na chupa zile za maji zinazonunuliwa dukani na kutupwa zimo katika marufuku hiyo, kwa hiyo anayekwenda Longonot, ambayo ni hifadhi ya taifa tangu 1983, akichukue chombo cha kudumu, cha chuma au cha plastiki ngumu. Tanzania nayo iliikataza mifuko ya plastiki kuanzia tarehe 1 Juni 2019, na kwa hivyo chakula kifungwe kwa kitambaa safi, au kwa karatasi, au kiwekwe katika kibakuli chenye kifuniko. Napenda zaidi vyombo viwili au vitatu vya lita moja moja kuliko kimoja kikubwa, kwani kifuniko kikilegea au chombo kikipasuka mtu hakosi vyote, na tena humwonyesha waziwazi amekwisha kutumia sehemu gani ya maji yake na imebaki sehemu gani ya njia.

Sasa tuje kwenye chakula. Mwili wa mwanadamu huweka akiba ya sukari katika ini na katika misuli, nayo kwa mtu mzima aliyekula vizuri hufika gramu 400 hadi 500 hivi. Akiba ile ya ini hupungua sana usiku mtu akiwa amelala, na kwa sababu hiyo yule anayedamka saa kumi za usiku, akapanda gari bila ya kutia kitu kinywani, anaanza mlima akiwa amekwisha kutumia sehemu ya nguvu zake kitandani. Kupanda mlima huteketeza baina ya kalori 300 na 500 kwa saa, kwa kadiri ya uzito wa mtu na ukali wa mwinuko. Sukari ikipungua, dalili huja kwa ghafla: miguu hulegea, mikono hutetemeka, mtu mpole akawa mkali kwa maneno, na akili ikaanza kufanya makosa katika mahali pa kuweka mguu. Wengi huanguka wakati wa kuteremka, na mara nyingine ni kwa kuwa wanateremka na njaa.

Dawa yake ni kula kidogo kidogo kabla njaa haijabisha hodi. Baada ya saa ya kwanza, gramu 30 za wanga au sukari kwa kila saa zamtosha mtu wa mwendo wa wastani, na kiasi hicho hupatikana katika tende tano au sita za kawaida, au katika ndizi mbivu moja na kipande cha kashata. Nimezitaja tende kwanza kwa makusudi. Sehemu kubwa ya tende ni sukari, hazimwagiki, haziharibiki kwa joto, hazihitaji kisu wala sahani, na watu wa pwani zetu na wa Uarabuni wamesafiri nazo katika majahazi na majangwani kwa karne nyingi. Mtu azitayarishe jioni: azipasue ubavuni kwa ncha ya kisu, aondoe kokwa, na mahali pa kokwa atie korosho au punje mbili za karanga zilizokaangwa kwa chumvi, kisha azibane zifunge. Kila moja inakuwa tonge kamili lenye sukari ya kuwaka upesi, mafuta ya kuwaka polepole, na chumvi ya kurudisha ile iliyotoka na jasho, na aweza kuila akitembea bila ya kuvua mfuko, ikiwa amezitia zile za saa mbili za kwanza katika mfuko wa suruali au wa koti.

Karanga zina nguvu nyingi katika uzito mdogo, zaidi ya kalori 550 kwa gramu 100, lakini nguvu hiyo ni ya mafuta, nayo huchelewa. Anayekula karanga peke yake akiwa amechoka atangoja sana. Tena zichaguliwe punje kwa punje, na zenye ukungu, zilizosinyaa au zenye ladha chungu zitupwe, kwani ukungu huo huweza kutoa sumukuvu, ambayo haiondoki kwa kukaangwa. Viazi vitamu vilivyochemshwa na maganda yake, mihogo iliyochemshwa kwa chumvi, chapati iliyokunjwa na kufungwa kwa kitambaa ikiwa imekwisha kupoa, mahamri, mayai yaliyochemshwa hata yakakauka ndani na kubebwa bila ya kumenywa, haya yote ni masurufu mema ya saa ya mapumziko makubwa. Machungwa yana uzito, lakini chungwa moja kileleni, likinyunyiziwa chumvi kidogo, humrudishia mtu hamu ya kula pale ambapo tende zimekwisha kumkinai, na hili la kukinai lisidharauliwe, maana mtu aliyechoka hukataa kitamu kwanza, kisha hukataa vyote. Kwa hiyo mfuko uwe na kitu cha chumvi na kitu kichachu: bisi, achari ya embe katika kichupa kidogo, au ubuyu.

Kuna vitu ambavyo ni heri vibaki nyumbani. Pilau na wali wa nazi, kwa uzuri wao wote, haviwezi kukaa katika chombo kilichofungwa juani tangu alfajiri hata adhuhuri, kwani vijidudu huzaana upesi katika chakula kilichopikwa kikawa vuguvugu, na sumu ya baadhi yao haiondoki hata kikipashwa moto tena. Na sambusa za nyama na mishikaki iliyobaki jana hukumu yake ni hiyo hiyo. Soda ya nusu lita ina sukari ya gramu 50 na ushei, imejaa gesi inayovimbisha tumbo, wala haiwi badala ya maji. Madafu ni kinywaji kizuri, lakini maji ya dafu yakishatolewa huchacha upesi, na dafu zima ni mzigo wa bure. Chai ya tangawizi katika chupa ya chai, iliyotiwa sukari ya kutosha, naisifu kwa milima ya baridi, na wasemao kwamba chai hukausha mwili waambiwe kwamba kikombe kimoja au viwili huhesabiwa katika maji aliyokunywa mtu.

Si kila mlima ni kama Longonot. Anayepanda Uluguru kutoka mjini Morogoro kuelekea Morningside hupita penye maji yanayonguruma, naye hushawishika kuacha chupa nyumbani, kwani milima ile ndiyo inayoulisha mto Ruvu, ambao Dar es Salaam hunywa maji yake. Lakini miteremko ya chini ina mashamba, nyumba na mifugo, na maji yanayong'aa kama kioo yaweza kubeba vijidudu vya kuhara na homa ya matumbo. Asiyetaka kubeba maji yote achukue vidonge vya kutakasia, ayachuje maji kwa kitambaa yakiwa na tope, atie vidonge kwa kipimo kilichoandikwa, na angoje nusu saa kabla ya kunywa. Au ayachemshe hata yatokote kwa nguvu kwa dakika moja, na juu ya mita 2,000 iwe dakika tatu, kwa sababu huko maji hutokota kwa joto la chini zaidi. Na katika msitu wa Kilimanjaro, kwa waendao Mandara na kurudi siku ile ile, hatari ni nyingine: ukungu na ubaridi humsahaulisha mtu kiu, ilhali hewa ya juu humfanya aheme zaidi na kupoteza maji kwa pumzi, basi huko anywe kwa kuangalia saa, mafunda machache kila nusu saa.

Watoto hawasemi wana kiu mpaka wamekwisha kuchoka, kwa hiyo wapewe maji na kipande cha kitu kila baada ya muda mfupi, na mzigo wao uchukuliwe na mkubwa. Mwenye kisukari, hasa anayetumia insulini, aulize tabibu wake kabla ya siku ya safari na aweke sukari mahali mkono unapofika bila ya kutafuta. Mwenye kufunga aiahirishe safari hadi baada ya Idi, mlima hautahama.

Neno langu la mwisho nalielekeza kwa viongozi wa makundi, wawe walimu, wazee wa kanisa, maimamu au vijana waliochaguliwa na wenzao. Kabla ya kulivuka lango, wasimamisheni watu wenu na mwombeni kila mmoja afungue mfuko wake mbele yenu. Mwenye lita tatu na chakula chake apande na kuizunguka kasoko. Mwenye lita mbili apande hadi ukingoni, aitazame kasoko, kisha arejee. Mwenye chupa moja ndogo asiruhusiwe kuanza mpaka aende kununua maji mengine, hata kama kundi zima litachelewa kwa ajili yake.